Treni Haikuua Nicodemus

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilikuta watu 14 pale Nicodemus. Kumi na wanne tu. Darasa moja la shule ya kata lina watoto mara tatu au nne ya hao. Kijiji kiko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, katika kaunti ya Graham, kando ya barabara kuu namba 24, na dereva mwenye haraka zake anaweza kukipita bila kujua kwamba amekipita. Kuna makanisa mawili ya zamani, nyumba iliyowahi kuwa hoteli, shule isiyo na wanafunzi, na ukumbi wa mawe. Kwa ajili ya majengo hayo matano, na kwa ajili ya waliokuwa wakiingia na kutoka humo, serikali ya shirikisho ilikitangaza kijiji hicho mwaka 1996 kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa.

Kisa cha Nicodemus husimuliwa kwa pumzi moja. Watu Weusi waliotoka utumwani Kentucky walifika hapa mwaka 1877, wakajenga mji kwa mikono yao, mji ukashamiri, kisha mwaka 1888 kampuni ya reli ikapitisha njia yake ng'ambo ya mto. Maduka yakahama, mji ukafa. Ni kisa kitamu: kina mashujaa, kina adui, kina na mwaka wa msiba. Matukio yake siyapingi, maana yote yametokea. Ninachobishia ni sababu. Treni ilihamisha maduka. Kilichowaondoa watu ni kitu kingine, kilichokuwapo kabla ya reli na kilichoendelea baada yake, nacho kiliipiga miji iliyopata stesheni kama kilivyoupiga ule uliokosa. Hilo neno "kufa" nalo lina walakini, na nitalirudia.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kiswahili hakina neno moja linaloikaa nchi hii vizuri. Ukisema mbuga, msomaji anaona tembo na magari ya watalii. Ukisema nyika, anaona miiba na vichaka vikavu. Huku hakuna miiba wala vichaka. Ni majani na anga, ardhi inayopanda na kushuka polepole, na miti michache iliyojipanga kufuata mkondo wa mto kana kwamba inaogopa kuachana nao. Nitasema nyika, msomaji anisaidie kuing'oa miiba. Mto wenyewe ni tawi la kusini la mto Solomon, si mkubwa, na kijiji kimekaa kwenye mwinuko wa upande wake wa kaskazini, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hakuna mlima wa kukinga upepo. Wakati wa baridi upepo huo huja na theluji. Kiangazi huja na joto linalokausha mahindi yakiwa bado mabichi.

Jambo kubwa zaidi halionekani kwa macho. Kilomita thelathini na ushei magharibi mwa kijiji hupita mstari wa longitudo 100 magharibi. Mwaka 1878, yaani mwaka mmoja tu baada ya kijiji kuanzishwa, mpima ardhi na mvumbuzi John Wesley Powell aliipelekea serikali ya Marekani ripoti iliyosema, kwa ufupi, kwamba karibu na mstari huo mvua inashuka chini ya inchi 20 kwa mwaka, milimita 500 na kidogo, na kutoka hapo kwenda magharibi kilimo cha kutegemea mawingu hakiaminiki. Akapendekeza kwamba anayetaka kuishi kwa mifugo huko apewe ekari 2,560. Sheria ya wakati huo, ile ya mwaka 1862 iliyogawa ardhi ya serikali kwa walowezi, ilikuwa inatoa ekari 160. Gawanya moja kwa nyingine upate 16. Wanasiasa na wauzaji wa viwanja hawakupenda hesabu hiyo, wakaiacha. Nyika haikuiacha. Iliendelea kuipiga kimya kimya kwa miaka mia moja.

Waliotoka Kentucky walikuwa wamezoea mvua ya zaidi ya milimita 1,100, misitu ya kuni, na chemchemi karibu na nyumba. Nani aliwaambia waje huku?

Aprili 1877 watu saba walisajili kampuni ya mji. Sita walikuwa Weusi; rais wake W. H. Smith, katibu wake mchungaji Simon Roundtree. Wa saba alikuwa Mweupe kutoka Indiana, W. R. Hill, na huyo Kiswahili kina jina lake kamili: dalali wa viwanja. Alizunguka katika makanisa ya Watu Weusi kule Georgetown na Lexington, miji ya Kentucky, akiinadi Kansas. Tangazo moja lililobandikwa Lexington lilisema Mtu Mweusi yeyote anayetaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877 anaweza kufanya hivyo kwa dola 5. Maneno ya dalali tunayajua hata sisi: barabara inakuja, umeme unakuja, maji yako hapo karibu. Lakini ningekuwa mwongo nikisema waliosikiliza walikuwa wajinga. Mwaka huohuo wa 1877 serikali ya Washington iliacha kuwalinda kwa majeshi Watu Weusi wa Kusini. Mkulima Mweusi wa Kentucky alikuwa akilima shamba la mtu mwingine, akigawana naye mavuno, akimaliza mwaka na deni, na usiku akisikiliza kwato za farasi wa watu waliofunika nyuso. Kansas iliingia katika muungano mwaka 1861 kama jimbo lisilo na utumwa, na ndiko John Brown alikopigana dhidi ya utumwa. Kwa mtu wa namna hiyo, ekari 160 zenye jina lake mwenyewe, zikiwa na upepo na ukame wake wote, hazikuwa kamari mbaya.

Ardhi hiyo, tukumbuke, haikuwa ya bure kwa maana ya kutokuwa na mwenyewe. Wapawnee na Wacheyenne, wenyeji wa asili, walikuwa wakiwinda nyati katika nyika hizo, na walikuwa wametoka kusukumwa nje katika miaka ileile ambayo matangazo ya viwanja yalikuwa yakichapishwa. Aliyenyang'anywa uhuru alipewa ardhi iliyonyang'anywa mwingine. Sijui namna ya kuinyoosha sentensi hiyo, naiacha ilivyo.

Katikati ya Septemba 1877 kundi la watu zaidi ya 300 lilishuka treni mjini Ellis, stesheni ya reli ya Kansas Pacific. Kutoka hapo hadi Nicodemus ni kilomita 55 hivi kuelekea kaskazini, siku mbili kwa miguu, na watoto na mizigo na wagonjwa. Wakafika. Hawakuona mji. Mji ulikuwa kwenye karatasi. Kwenye ardhi palikuwa na mashimo machache yaliyochimbwa ubavuni mwa mwinuko, yakaezekwa vijiti, majani na udongo, bomba la moshi likatokeza juu. Mwiraqw wa zamani wa Mbulu aliyejenga tembe lake kwa kulishusha ardhini angeelewa ujenzi huo. Mtu wa Georgetown aliyezoea nyumba ya mbao alielewa tu kwamba amedanganywa. Familia kadhaa ziligeuza hapohapo. Hill, inasimuliwa, ilimbidi ajifiche.

Simulizi inayotajwa kuliko zote ni ya Bi Willianna Hickman, aliyefika masika ya 1878 na mumewe, mchungaji Daniel Hickman. Njiani ukambi ulikuwa umeliingia kundi lao na kuua watoto. Walipokaribia, wanaume wakapaza sauti kwamba wanaiona Nicodemus. Bi Hickman akatazama kila upande asione kitu. Akauliza iko wapi. Akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini, akaambiwa ndiyo hiyo. Akalia. Baadaye aliishi hapo zaidi ya miaka ishirini. Waandishi hupenda kuishia kwenye machozi; mimi naona hiyo miaka ishirini ndiyo habari.

Waliishije majira yale ya kwanza ya baridi? Kuni hazikuwapo, walichoma mabua ya alizeti, vijiti vya kando ya mto na kinyesi kikavu cha nyati. Farasi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, kwa hiyo ardhi ambayo mizizi ya majani yake ilikuwa imefumana kama mkeka kwa maelfu ya miaka ilibidi ivunjwe kwa jembe la mkono na sepeto. Chakula kilipokwisha, wazee wa kijiji walisimulia kwa vizazi, Waosage, nao wenyeji wa asili, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda waliwagawia nyama. Katikati ya hali hiyo, Oktoba 1877, akazaliwa mtoto wa kwanza wa makazi hayo, Henry Williams. Misaada ya nguo na unga ilitafutwa kutoka miji ya mashariki mwa Kansas. Kisha mwaka 1879 wakaaji wenyewe wakapitisha azimio la kuvunja kampuni ya mji na kuacha kuomba misaada. Baada ya mavuno mawili tu, na mabaya. Sijasoma jambo linalonieleza tabia ya watu hao vizuri zaidi ya azimio hilo.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo masimulizi mengi huiruka. Sheria ya mwaka 1862 haikutaka tu mtu alime ekari 160. Ilimtaka akae juu yake, ajenge, alale humo, kwa miaka mitano, ndipo apewe hati. Na nyika yote ilikuwa imepimwa kwa rula: mraba wa maili moja kwa maili moja, kila mraba umekatwa robo nne, kila robo ekari 160. Maana yake ni kwamba jirani yako wa karibu yuko nusu maili, na watu mia tatu waliozoea kuishi jirani kwa jirani, mlango wa huyu ukitazamana na wa yule, walilazimika kutawanyika kama mbegu zilizopandwa kwa nafasi. Mlowezi wa Nicodemus hakuishi mjini Nicodemus. Aliishi shambani kwake, kilomita tatu, tano, nane kutoka hapo. Mjini alikuja Jumamosi kununua chumvi na misumari, na Jumapili kusali.

Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na Nicodemus mbili. Ya kwanza ilikuwa mji: mitaa michache, maduka, hoteli, posta. Ya pili ilikuwa jamaa: mamia ya watu waliosambaa kwenye robo zao, waliounganishwa na damu, ndoa, makanisa na njia ile ya kutoka Kentucky. Mji ulikuwa mdogo siku zote, kwa sababu sheria haikuruhusu uwe mkubwa. Anayehesabu mji peke yake, iwe mwaka 1885 au 2020, anahesabu ganda.

Ganda nalo lilipendeza, nisilidharau. Zachary Fletcher, aliyefika Julai 1877, akawa mkuu wa posta wa kwanza, akafungua duka na baadaye hoteli; mkewe Jenny akafundisha watoto. Nyumba za mashimo zikafuatwa na nyumba za matofali ya udongo uliokatwa pamoja na majani yake, hizo zikafuatwa na za mawe ya chokaa. Katikati ya miaka ya 1880 palikuwa na benki, magazeti mawili, makanisa, timu ya besiboli, maduka ya Weusi na ya Weupe yakiwa yametazamana. Edward McCabe, aliyehamia hapo mwaka 1878, alikuwa karani wa kwanza wa kaunti, na mwaka 1882 akachaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, Mtu Mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa ngazi hiyo katika jimbo hilo. Baadaye alikwenda Oklahoma kuanzisha mji wa Langston.

Kisha suala la reli. Treni za Missouri Pacific zilikuwa zinaishia Stockton, kilomita 30 hivi mashariki. Ili zivutwe hadi Nicodemus, mwaka 1887 wakaaji walipiga kura kutoa hati fungani za dola 16,000. Fikiri kidogo: watu waliokuwa wakilala mashimoni miaka tisa kabla wanakubali deni la dola 16,000 kuilipa kampuni ya reli ije ifanye biashara yake. Wapimaji wakaja, mazungumzo yakavunjika, reli haikuja. Mwaka uliofuata Union Pacific ikajenga njia yake, lakini kusini mwa mto, na kambi ya wajenzi ikageuka kuwa mji wa Bogue, kilomita saba hivi kutoka Nicodemus, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye miguu mizuri. Wenye maduka hawakungoja. Walihamisha bidhaa, na wengine wakaburuta majengo yenyewe kuvuka mto.

Wapo wanaosema rangi ya wenyeji ndiyo iliyopindisha reli. Sihitaji kulikataa hilo ili niseme la pili: katika nyika za Marekani, kampuni ya reli haikuwa msafirishaji tu. Ilikuwa muuza viwanja. Mji uliokwisha kupimwa na kuuzwa na watu wengine ulikuwa na faida ndogo kwake kuliko mji mpya inaoupima yenyewe kando ya stesheni yake na kuuza kila mraba. Hill alikuwa dalali mdogo. Reli ilikuwa dalali mwenye moshi.

Lakini angalia kilichowapata waliobahatika. Bogue ilipata stesheni, ikapata maduka ya Nicodemus, na leo ina watu wasiofika 200. Kaunti nzima ya Graham ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910, miaka zaidi ya ishirini baada ya msiba tunaoambiwa ulimaliza kila kitu. Mwaka 2020 walibaki 2,400 hivi. Hill City, mji ambao yule dalali aliupa jina lake mwenyewe, ndio makao ya kaunti, na nao unapungua. Millbrook, uliokuwa makao ya kaunti kabla yake, ulipigwa na kimbunga mwaka 1887 ukasambaratika, na leo ni wachache hata ndani ya Kansas wanaoweza kukuonyesha ulipokuwa. Reli haikumwokoa aliyeipata. Basi tutasemaje kwamba kuikosa ndiko kulikoua?

Kilichopunguza watu ni ile hesabu ya Powell. Ekari 160 katika nchi ya mvua ya wasiwasi hazikutosha kulisha familia, achilia mbali kuvaa na kusomesha. Kila ukame ulipopita, na miaka ya mwisho ya 1880 na ya 1890 ilikuwa na kadhaa, mmoja aliuza robo yake na jirani akainunua. Shamba likakua, familia ikaondoka. Ngano ngumu ya majira ya baridi, ile iliyoletwa Kansas na Wamennonite kutoka Urusi mwaka 1874, ilivumilia kuliko mahindi, lakini ngano hulipa kwa wingi wa ekari na si kwa wingi wa mikono. Likaja trekta. Mtu mmoja akalima palipolimwa na watano. Ikaja miaka ya 1930 na tufani zake za vumbi. Leo katika maeneo hayo mwenye ekari elfu moja za ngano hahesabiwi tajiri. Nyika ilichukua sheria ya mwaka 1862 ikaisahihisha kwa kalamu nyekundu, familia moja baada ya nyingine, bila kujali zilikuwa rangi gani wala zilisikia honi ya treni au hazikusikia.

Nikishasema hivyo, lazima nijipinge mwenyewe kidogo, maana hoja ya mvua ikiachwa peke yake inawatakasa watu. Mkulima Mweupe aliyekumbwa na mwaka mbaya aliingia benki au ofisi ya mikopo ya serikali na kutoka na fedha za mbegu. Mkulima Mweusi mara nyingi alitoka mikono mitupu, au mkopo ulimfikia msimu umekwisha. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima Weusi zaidi ya 900,000. Mwishoni mwa karne hiyo hawakufika 20,000. Mwaka 1999 wizara ya kilimo ya nchi hiyo iliingia katika maridhiano ya mahakamani na wakulima Weusi waliodai kubaguliwa katika mikopo, na malipo yake yalifika kiasi cha dola bilioni moja. Mvua haikufanya hayo. Kwa hiyo nasema: jiografia ilipunguza kila kijiji cha nyika, na ubaguzi ukapunguza zaidi pale palipokuwa na Weusi. Reli ni ya tatu, nayo kwa mbali.

Hesabu za Nicodemus mjini zinasema zenyewe. Mwaka 1935 watu 76. Mwaka 1950 watu 16. Mwaka 1953 posta ikafungwa. Hapo msimulizi wa kawaida anafunga daftari.

Ila kuna mwaka 1939 hapo katikati, nao unanisumbua kwa namna nzuri. Katika kijiji cha watu wachache hivyo, wakati nchi nzima imetoka katika vumbi na njaa, kulijengwa ukumbi mpya wa mawe ya chokaa kwa fedha za mpango wa serikali wa kuwapa watu ajira. Haukuwa kibanda, ulikuwa ukumbi hasa. Ukiwaketisha humo wakaaji wote wa kijiji, viti vingi vingebaki vitupu. Nani hujenga ukumbi kwa ajili ya viti vitupu?

Anayejua kwamba kuna wageni wanakuja. Tangu siku za mwanzo kabisa Nicodemus ilikuwa na sherehe ya ukombozi, mwanzoni tarehe 1 Agosti. Tarehe hiyo si ya Marekani. Ni siku ambayo mwaka 1834 sheria ya kukomesha utumwa ilianza kutumika katika makoloni ya Uingereza, Jamaika na Barbados na mengineyo, na Weusi wa Marekani waliisherehekea miaka mingi kabla ya kupata ya kwao. Watu wa Kentucky walikuwa na sababu ya ziada ya kuazima: tangazo la Rais Lincoln la mwaka 1863 la kuwaachia watumwa halikuligusa jimbo lao, kwa kuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe lilibaki upande wa serikali yake, na watumwa wake waliobaki waliachiwa Desemba 1865 kwa marekebisho ya katiba. Basi wakaibeba siku ya Karibiani hadi nyikani. Ngano huvunwa Juni na Julai, kwa hiyo sherehe iliangukia pale pale ambapo ghala limejaa na mikono imepumzika. Palikuwa na besiboli, nyama ya kuchoma, hotuba, ndondi, dansi. Vijana walipoanza kuondoka kwenda Denver, Kansas City, Topeka na California, sherehe ikageuka kuwa siku ya kurudi. Siku hizi hufanyika wikiendi ya mwisho ya Julai, na kijiji cha watu 14 hupokea mamia.

Hapa Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza cha makarani wa sensa hakina. Sisi tukimuuliza mtu "kwenu wapi?" hatumwulizi analala wapi. Mtu anaweza kuzaliwa Dar es Salaam, akazeekea Dar es Salaam, na bado kwao ni Moshi, na Desemba mabasi yanalijua hilo. Anakoishi ni jambo moja, kwao ni jingine. Tuna methali ngumu inayosema mkataa kwao ni mtumwa, na kila ninapoisoma nikiwafikiria watu wa Georgetown naona ilivyogeuka: hawa walikuwa watumwa kwanza, bila kwao kokote kunakotambuliwa na sheria, na walichokwenda kukitafuta kwa dola tano ni mahali pa kutokupakataa. Veryl Switzer alizaliwa Nicodemus mwaka 1932, akacheza mpira wa Kimarekani chuoni Kansas State, mwaka 1954 akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Green Bay Packers akiwa chaguo la nne la nchi nzima. Mtu wa namna hiyo angeweza kupasahau. Aliendelea kumiliki na kulima ngano huko katika nyika ya babu zake mpaka uzeeni; alifariki 2022.

Kwa hiyo ile Nicodemus ya kwanza, ya maduka na magazeti, ndiyo iliyovuka mto mwaka 1888. Ya pili haikuwa na duka la kuburuta. Imehamia magari yenye namba za Colorado na Missouri na California, na ina albamu za picha, makaburi, majina matano au sita ya ukoo yanayojirudia kila kizazi, na ukumbi wa mwaka 1939 ambao sasa ndio kituo cha wageni cha mamlaka ya hifadhi za taifa. Millbrook, uliokuwa na mahakama na makarani, haukuwa na watu wa kurudi kwao. Labda ndiyo maana kimbunga kimoja kilitosha.

Hata hivyo sitarajii takwimu zibadilike. Sensa ya Marekani huuliza mtu anaishi wapi tarehe 1 Aprili. Mwezi huo ngano iko kijani, upepo bado una baridi, na ukumbi umefunguliwa kwa ajili ya watalii wawili watatu waliopinda kutoka barabara namba 24. Kuna karibu miezi minne kabla magari hayajaanza kuingia.